Gundi ya Mlangoni

Chupa ilikuwa ya jemu, nimeiosha mara tatu,
kifuniko nimekifunga kwa nailoni na mpira wa baiskeli.
Ndani asali ya Mida, nyeusi kidogo,
na juu yake kidonge cha gundi ya nyuki
nilichokikwangua kwa kisu mlangoni mwa mzinga wa saba.
Toka Gede hadi Malindi nimeipakata
kama mtoto wa kuazima.

Mbeyu alikuwa kiti cha tatu, karibu na dirisha,
mkono umenyooshwa, mrija umeingia,
dawa nyekundu kama sharubati ya harusini
inamdondokea tone, tone.
Kichwani leso ya marehemu mama,
ile ambayo jina lake limefutika nusu.

Daktari Rukiya akaitazama chupa. Hakucheka.
Akavuta kiti, akachora nyuma ya risiti:
nyuzi mbili zimesokotana kama ukili.
"Huu ndio urithi. Umo katika kila chembe ya mwili.
Dawa inaukata ndani ya uvimbe, ndiyo kazi yake.
Lakini dawa haina macho. Hukata na pasipo pake."
"Na asali?"
"Wapo waliojaribu. Asali, gundi, hata chavua.
Panya waliolishwa, nyuzi zao
zilikatika kidogo kuliko za wenzao."
"Panya."
"Panya. Kwa mtu, bado hatujui."
Kisha: "Na damu yake wiki hii iko chini.
Kibichi chochote, hapana. Hata cha nyuki."

Sikubisha. Lakini panya mimi nawajua.
Mwaka wa mvua nyingi mmoja aliingia mzinga wa saba
akifuata joto. Nyuki wakamuua.
Mzoga ukawashinda uzito, hawakuweza kuutoa,
basi wakaupaka gundi:
mkia, masikio, ukucha kwa ukucha,
mpaka akawa kama kachongwa kwa mvule.
Nilipofungua, miezi minne imepita,
hapakuwa na harufu. Hapakuwa na funza.
Asali ilikaa safi ubavuni pake.

Nikasimama pale na chupa yangu, nikijiuliza
kama hilo ni jibu ama ni panya mwingine tu.
Maana kilichookoka ni mzinga.
Panya alikuwa amekwisha kufa.

Mbeyu ndiye aliyeuliza lililonikaa kooni.
"Huo uzi unaokatika, Nyevu atarithi vipande?"
"Nyevu ana miaka tisa," daktari akasema.
"Alichukua chake kabla. Hakiguswi."
Dada yangu akafumba macho
kama mtu aliyelipwa deni
alilokwisha kulisamehe.

Baadaye, dawa ikielekea kwisha:
"Fungua."
"Umekatazwa."
"Nimekatazwa kula."
Kinywa chake tangu mwezi wa pili
kina ladha ya sarafu. Chai sarafu,
wali wa nazi sarafu, hata mate.
Nikavuta mpira, nikafungua nailoni.
Akainamia chupa muda mrefu
kama achunguliaye kisima.
"Mikoko," akasema. "Na mkilifi, kwa mbali.
Ulivuna mapema, wewe. Una pupa tangu utotoni."

Chupa iko juu ya kabati lake, huko Maweni.
Nimeiandika ubavuni kwa kalamu ya wino:
Siku damu itakapopanda.
Daktari ameahidi kutuambia.

Jumamosi nilirudi mizingani na Nyevu,
yeye ndiye mshika moshi siku hizi.
Wa saba wameuziba upya,
umebaki upenyo wa nyuki wawili kupishana.
Gundi inang'aa, laini, bado haijakauka.
Kisu ninacho mkononi.

"Mbona hukwangui, mjomba?"

Nikamwambia bado wanaitumia.